Jinsi ya kulinda pesa ya tharapi ya watoto wetu wenye ulemavu kwa bajeti ya kaunti, hatua kwa hatua

Wazazi wenzangu habari zenu. Naandika hii manake karibu kila wiki kuna mama ananipigia ananiuliza kitu kile kile, "wamefunga chumba cha tharapi, sasa tufanye nini?", na nikianza kumweleza kredo inaisha kabla sijafika katikati. Kwa hivyo nimeketi nikaandika yote nayoyajua. Ni ndefu, someni pole pole, kama una mtoto wa kulisha lisha kwanza.

Wangu ana CP, mtindio wa ubongo. Tulikuwa tunaenda hospitali moja ya kaunti mara mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, boda kwenda boda kurudi. Siku moja tukafika tukakuta kufuli mlangoni, mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, amehamishwa na hakuna aliyeletwa. Miezi minne ilikaa hivyo. Wenye watoto kama wangu mnajua miezi minne ni nini. Ule mguu wa kulia ulikuwa umeanza kukanyaga chini vizuri kabisa, lakini ikafika mahali nikimvisha soksi kisigino hakishuki, kimeng'ang'ania huko juu, na nikikibonyeza analia. Nilienda kuuliza nikaambiwa "mama, hakuna bajeti". Nikarudi nyumbani nikakubali, kwa sababu nilidhani bajeti ni kitu cha mvua, inanyesha au hainyeshi.

Baadaye sana ndio nikaelewa kwamba bajeti ya mwaka huo ilikuwepo, ya afya ilikuwa nyingi tu, ila ndani yake hakukuwa na mahali popote palipoandikwa watoto wetu. Pesa yetu haikuwa na jina. Na pesa isiyo na jina ikichukuliwa kupelekwa kwingine hakuna mtu anaweza kusema imechukuliwa, ju haikuandikwa ni ya nani. Kazi yote nayoeleza hapa chini ni hiyo moja, kuipa jina alafu kuifuata na jina lake mpaka itumike.

HATUA YA 1: Jua ni mfuko gani unaopigania

Huku Kenya tangu Katiba ya 2010 afya ya dispensari, senta na hospitali za kaunti iko chini ya kaunti. Serikali ya kitaifa imebaki na sera na hospitali kubwa za rufaa kama Kenyatta na ile ya Moi kule Eldoret. Kwa hivyo ukimwandikia barua waziri wa afya Nairobi kuhusu kitanda cha tharapi cha hospitali ya kaunti yako umepoteza stempu. Anayehusika ni gavana, waziri wa afya wa kaunti na bunge la kaunti.

Sasa hapo kwenye kaunti usiombe "pesa" tu, maana iko kwa mafungu tofauti na yanaamuliwa na watu tofauti. Kuna mishahara, hapo ndio anatoka mtu wa fizio, wa OT (anayefundisha mtoto kazi za kila siku kama kula na kuvaa) na wa kufundisha kuongea. Kuna matumizi ya kawaida, hapo ndio plasta za kunyoosha mguu kifundo, dawa za kifafa, splinti, mafuta ya gari la autrichi, yaani la kupeleka huduma vijijini. Alafu maendeleo, yaani kujenga na kununua vitu vikubwa. Nimeona kaunti inajenga jengo zuri la tharapi, ribini inakatwa, picha zinapigwa, na ndani hakuna mtu wa kufanya kazi juu fungu la mishahara halikuguswa. Mkiulizwa mnataka nini mwanzo semeni mtu, jengo baadaye. Mtoto ananyoshwa na mikono ya mtu, ata kwa mkeka chini ya mwembe inawezekana.

Kuna watu wananiambia "si SHA italipa". SHA, ile bima ya afya ya serikali, ilianza Oktoba 2024 ikachukua nafasi ya NHIF, na jiandikisheni wote, muandikishe na watoto, hilo sina ubishi. Lakini SHA inalipia huduma iliyopo. Kama chumba kimefungwa hakuna huduma, hakuna cha kulipia. Wa kuajiri ni kaunti.

Na usisahau mfuko wa nne ambao wengi hawaujui: hospitali yenyewe. Kuna sheria ya 2023 inayoruhusu hospitali za umma kubaki na pesa zinazokusanya zenyewe na kuzitumia kwa mipango yao. Zile shilingi mnazolipa pale dirishani kwa kila kikao cha fizio zinaingia humo. Uliza daktari mkuu wa hospitali, kwa upole, kitengo cha tharapi kiliingiza ngapi mwaka jana na kilirudishiwa ngapi. Hili swali linafungua milango kuliko unavyodhani, manake mara nyingi ata yeye hajawahi kuuliza.

HATUA YA 2: Daftari

Hii ndio hatua nayoipenda na ndio itachukua muda wenu mrefu. Nunua daftari la kurasa 96, lile la watoto wa shule, chora kolamu tano za kwenda chini. Tarehe. Umri wa mtoto. Shida (CP, mgongo wazi, kichwa maji, usonji, mguu kifundo, kifafa na kadhalika). Alikuja kwa huduma gani. Na ya mwisho: alihudumiwa au alirudishwa, na kama alirudishwa aliambiwa nini.

Majina ya watoto usiandike. Narudia, usiandike. Daftari hili litashikwa na watu wengi, litapigwa picha, na mtoto wa mtu asije akajulikana mtaani kwa karatasi yako. Andika "msichana, 4, kifafa, dawa hakuna, aliambiwa akanunue nje" inatosha.

Sisi tulikuwa kina mama sita tunapokezana, kila siku ya kliniki mmoja anakaa kwa ile benchi ya nje ya chumba namba tisa na daftari kwa mapaja. Mwezi wa kwanza askari wa geti alitufukuza. Tulienda kwa mkuu wa hospitali tukamwonyesha daftari lenyewe, hakuna jina la mtu, hakuna jina la daktari, akaangalia kurasa mbili tatu akanyamaza, akasema endeleeni. Kumbuka wauguzi na watu wa tharapi wako upande wetu wengi wao, wanachoka vile tunachoka. Usiwafanye maadui. Yule dada wa OT ndiye alitufundisha kuandika mguu upi na kiungo kipi.

Kwa nini daftari? Kwa sababu ukienda kikao cha bajeti, ule mkutano wa kaunti wa kusikiliza maoni ya wananchi, utaambiwa "hao watoto ni wachache, sensa ilionyesha asilimia 2.2". Ni kweli sensa ya 2019 ilisema asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu, lakini hiyo hesabu ilianzia watoto wa miaka mitano kwenda juu. Wale wadogo, ambao ndio tharapi inawasaidia zaidi wakianza mapema, hawamo kabisa kwa hiyo namba. Daftari lako linao. Ukisema "miezi mitatu, hospitali moja, watoto 61 walirudishwa nyumbani, 40 wako chini ya miaka mitano" (weka namba zako, hizi ni mfano) ukumbi unatulia.

HATUA YA 3: Kalenda, na hapa ndio wengi tunaanguka

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Watu wengi husikia tangazo la kikao mwezi wa tano, wanavaa vizuri wanaenda, wanaongea vizuri, na hakuna kinachobadilika. Ukija mwezi wa tano umekuta ugali umeshasongwa na sahani zimehesabiwa. Sheria ya usimamizi wa fedha ya 2012 imeweka tarehe, ziandike kwa ukuta:

Septemba 1: kaunti inapeleka bungeni Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, wenyewe wanauita ADP. Hapa ndio vitu vinapewa majina. Kama tharapi ya watoto haimo kwa ADP, mwezi wa nne utaambiwa "haikuwa kwa mpango". Kwa hivyo barua yenu ya kwanza iwe imefika idara ya afya Julai au mapema Agosti.

Februari 28: ule waraka wa mkakati wa fedha, CFSP. Hapa ndio wanaamua idara ya afya itapata ngapi kwa jumla, ya barabara ngapi, ya kilimo ngapi. Bunge likishaupitisha dari imewekwa, na kuongeza kitu juu yake ni vita kubwa.

Aprili 30: makadirio ya bajeti yenyewe yanaingia bungeni, yanaenda kwa kamati. Mwezi wa tano vikao. Juni 30 yawe yamepita.

Yaani mwaka mzima kuna nafasi tatu, na ya maana kuliko zote ni ile ya kwanza ambayo hakuna mtu anaitangaza kwa spika za gari. Angalia pia mpango wa miaka mitano wa kaunti yako, wa sai unaitwa CIDP 2023–2027, mara nyingi utakuta kuna sentensi moja nzuri sana imeandikwa humo kuhusu watu wenye ulemavu. Inakili neno kwa neno. Ni ahadi yao wenyewe, utawasomea.

HATUA YA 4: Pata karatasi

Jaribu tovuti ya kaunti kwanza. Kama haipo au inafungua ukurasa mtupu, usibishane na mtu ofisini, andika barua. Sheria ya kupata habari ya 2016 inakupa haki, Katiba kifungu cha 35 pia, na barua unaweza kuandika kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema Kiingereza au Kiswahili. Asiyeweza kuandika anaruhusiwa kwenda akaeleza kwa mdomo na afisa ndiye aandike. Kuomba ni bure, utalipia fotokopi tu. Wana siku 21 za kujibu.

Barua iwe fupi hivi:

"Kwa Katibu wa Kaunti. Mimi ni mkaaji wa wadi ya ___. Chini ya sheria ya kupata habari ya 2016 naomba nakala ya: (1) bajeti iliyopitishwa ya idara ya afya ya mwaka huu wa fedha, ikionyesha programu na vifungu vidogo, (2) ripoti za matumizi za kila robo mwaka, (3) idadi ya nafasi za wataalamu wa fizio, OT na matamshi zilizoidhinishwa, na zilizojazwa. Naomba zitumwe kwa baruapepe au nizichukue ofisini."

Peleka nakala mbili. Moja inabaki, ya pili wagonge muhuri na tarehe. Bila muhuri siku 21 hazijaanza popote, utaambiwa barua haikufika. Zikipita kimya nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunaita ofisi ya Ombudsman, na nakala yako yenye muhuri.

Swali la tatu hapo juu msilitoe. Nafasi zilizoidhinishwa na zilizojazwa ni vitu viwili, na hilo pengo katikati ndio hoja yenu ya mishahara.

HATUA YA 5: Isome, usiogope

Kitabu cha bajeti ni kinene, kurasa mia kadhaa, kimejaa namba. Nenda moja kwa moja kwa idara ya afya. Kwa kaunti nyingi utakuta programu tatu: utawala, kinga, na ya tatu inaitwa tiba na urekebishaji. Hiyo ya tatu ndio yetu. Mimi mara ya kwanza kuona neno urekebishaji nilifurahi nikadhani tumefika, kumbe ni neno tu la kichwa cha habari, chini yake ni dawa, chakula cha wagonjwa, umeme, maji, oksijeni na mafuta ya ambulansi, vyote vya lazima, na ndani ya hiyo milioni mingi tharapi ya watoto haina ata mstari mmoja.

Chukua rula na kalamu, pitia mstari kwa mstari, andika pembeni kila mahali panaposema ulemavu, tharapi, vifaa saidizi. Alafu linganisha na mwaka uliopita. Kama mstari ulikuwepo ukapungua, una swali. Kama ulikuwepo umepotea kabisa umemezwa na "vifaa vya hospitali kwa ujumla", una swali kubwa zaidi.

HATUA YA 6: Memoranda na kikao

Usiende kikao na mdomo peke yake. Maneno ya mdomo yanaandikwa na karani kwa mstari mmoja, "wakaazi walilalamika kuhusu huduma za walemavu", basi imeisha. Nenda na memoranda, yaani karatasi ya maoni iliyosainiwa na wazazi, ukurasa mmoja, mbili mwisho. Sehemu yenye nguvu iandikwe kwa lugha yao ya bajeti:

"Tunaomba katika programu ya tiba na urekebishaji iongezwe shughuli yenye jina Huduma za Tharapi kwa Watoto wenye Ulemavu, ikiwa na vifungu vitatu: (a) kuajiri wataalamu wawili kujaza nafasi zilizoidhinishwa, (b) vifaa na dawa, zikiwemo plasta, splinti na dawa za kifafa, (c) kliniki ya kutembea (inayozunguka vijijini), mara moja kwa mwezi kwa kila kaunti ndogo. Kipimo: idadi ya watoto waliohudumiwa kila robo mwaka."

Hicho kipimo cha mwisho ni lazima. Bila kipimo watanunua kompyuta mbili za ofisi waseme shughuli imetekelezwa. Chini yake taja Katiba kifungu cha 53 juu ya matibabu ya mtoto, cha 54 juu ya vifaa kwa watu wenye ulemavu, na sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Sentensi mbili tu, msiwageuzie mahakama.

Siku ya kikao mnapewa dakika mbili tatu. Mmoja aseme namba za daftari, mwingine asome ombi, mwingine akabidhi nakala na kuchukua muhuri. Na ninaomba hili kutoka moyoni, msiwabebe watoto kwenda kuwaonyesha watu ili wahurumiwe. Kama mtoto amekuja kwa sababu hakuna wa kumwachia, sawa, akae na mamake kama mtoto yeyote. Lakini kumwinua mbele ya ukumbi na miguu yake watu wapige picha, hapana. Mwenye umri wa kujieleza na anataka kuongea mpeni maiki aseme mwenyewe. Kijana mmoja wa miaka 14 kwetu alisema "mimi nataka kiti kinachoingia choo cha shule" akaketi, na hiyo ndio sentensi iliyonukuliwa na kamati.

Kama ukumbi una ngazi na hakuna njia ya kiti cha magurudumu, au hakuna mkalimani wa lugha ya ishara, andikeni hilo pia kwa memoranda, hapo hapo kwa kalamu.

HATUA YA 7: MCA na kamati ya afya

Mwakilishi wadi wako anajulikana, msalimie akiwa hana watu wengi. Ila wa muhimu zaidi ni mwenyekiti wa kamati ya afya na mwenyekiti wa kamati ya bajeti, ata kama si wa wadi yenu. Mpe kila mmoja ukurasa ule ule. Usikubali "nitawasaidia na harambee" iwe ndio jibu. Harambee ya kiti kimoja chukueni, mtoto anakihitaji leo, asanteni sana, alafu mrudi kwa ombi lenu la mstari.

HATUA YA 8: Baada ya Juni ndio kazi inaanza

Mstari umepita. Mmeona jina kwa kitabu, mmelia, mmekumbatiana. Msilale. Pesa ya mstari mdogo hutolewa kimya kimya kwa bajeti ya ziada, ile inayoletwa katikati ya mwaka wa fedha au karibu na mwisho wake. Inatosha mtu kusema "hii haijatumika, tuipeleke kwa madeni". Kwa hivyo kila robo mwaka, yaani baada ya Septemba, Desemba, Machi na Juni, tafuteni ripoti ya matumizi. Msimamizi wa Bajeti wa kitaifa anachapisha ripoti za kaunti zote na ziko wazi kwa intaneti. Angalia vitu vitatu: kilichopangwa, kilichotolewa, kilichotumika.

Ukiambiwa "pesa haijatoka Nairobi", fungua ripoti. Wakati mwingine ni kweli imechelewa, na hapo mwelewe afisa, ata mishahara yao imekwama. Wakati mwingine idara ilipokea na ikalipa vingine kwanza. Ni mambo mawili tofauti na kila moja lina barua yake.

Mkisikia bajeti ya ziada inakuja andikeni siku hiyo hiyo kwa karani wa bunge mkiuliza kama mstari wenu umeguswa. Mwaka mmoja mstari wetu ulikuwa umekatwa nusu kwenye rasimu, tukapeleka daftari na barua kwa kamati, nusu ya ile nusu ikarudi. Plasta zikanunuliwa. Kliniki ya kutembea haikuanza mwaka huo, inaniuma mpaka leo manake kuna mama wa mbali alikuwa anaingojea.

HATUA YA 9: Ikikataa kabisa

Kuna ombi rasmi kwa bunge la kaunti, sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki hiyo. Linaandikwa kwa heshima, linaenda kwa karani, linasomwa na kupelekwa kwa kamati ambayo inaweza kuwaita mjieleze. Ambatisha barua zote zenye muhuri kwa mpangilio wa tarehe. Kwenda kortini ni njia ya mwisho na msiende bila wakili wa kuwasaidia bure, ni ndefu na inachosha watu ambao tayari hawalali usiku.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Daftari na zile barua ziwe na nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Sisi moja lilinyeshewa na mvua ya mwezi wa nne, paa lilivuja, tukaokolewa na picha tulizokuwa tumepiga kwa simu. Na muwe na mtu wa pili anayejua kila kitu, juu utafika wakati mtoto wako amelazwa wiki tatu na hiyo ndio wiki kamati imeita. Kwetu wa pili ni baba mmoja fundi viatu, haongei sana, ila tarehe zote nne amezichora kwa chaki juu ya mlango wa kibanda chake, na kila ikikaribia anatuma ujumbe asubuhi saa kumi na mbili.